Zile rimu zako za Tabata

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi, na joto la huku si la kuhadithia. Sisi wazima, Mama Neema mzima, gari yangu Altezza nayo nzima ingawa imenitia aibu mbele za watu. Najua nimekaa kimya miezi sita, na leo nimeibuka na shida mkononi. Nivumilie.

Shida yenyewe ni zile rimu za inchi 16 ulizovua kwenye Mark II kabla hujaiuza. Leo mchana nilizifuata Tabata kwa Mama. Kanipokea vizuri, chai, vitumbua, maswali kuhusu lini nitaongeza mtoto. Nilipotaja rimu akasema, "Mwenyewe aseme." Nikachungulia uani. Zipo nne chini ya mwarobaini, tairi zake bado zimo, na moja imelazwa uso chini, tundu la ndani liko juu kama bakuli. Ndani ya bakuli kuna mtetea mweupe. Ameatamia. Kuku nitamrudia.

Sikia kwanza yaliyonipata. Wiki iliyopita tulipata lami iliyofungwa kwa ajili ya mbio, mita 402 zimepimwa kabisa, taa zipo, mashine ya muda ipo. Mimi moyoni nilishajipa sekunde 15 na kitu, maana ile injini yake ya Beams ilitoka kiwandani na farasi 210, na mwaka jana niliteketeza laki nane kwenye ekzosi. Nikakimbia mara nne. Bora yake 16.4. Kijana mmoja wa Vitz akaniuliza kwa upole kabisa kama hendibreki ilikuwa imeshuka.

Karatasi ya muda ninayo hapa mezani, imeshapata doa la chai. Abduli (unamjua, hasemi mpaka ale) alimaliza chipsi zake ndipo akaweka kidole kwenye namba mbili. Ya kwanza, spidi ya kumalizia: kilomita 142 kwa saa. "Hii ndiyo injini yako inavyosema. Haiumwi." Ya pili, mita 18 za mwanzo: sekunde 2.7. "Na hapa ndipo unapoibiwa." Kumbe sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale mwanzoni, mwisho inakurudishia sehemu moja na nusu kama hiyo, hata mbili. Yaani mwaka mzima naumwa mguu, nameza dawa ya kifua.

Halafu nilikuwa nahangaika kuwahi taa ya kijani kama mtoto anayesubiri kengele ya shule. Saa yenyewe haianzi kuhesabu mpaka tairi la mbele litoke kwenye ule mwanga wa mstarini. Ukisinzia utaachwa na jirani, ila muda wako uko palepale. Hili ulikuwa unalijua? Mbona hukuniambia?

Tukarudi mstarini kuangalia chini. Mstari mweusi mmoja tu, upande wa kulia. Difu inapeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza, lenzake limekaa linatazama. Difu ya kuloki, inayosukuma yote mawili, niliulizia ya mtumba kwenye maduka ya Gerezani, bei yake ni kodi yangu ya miezi mitano, na Mama Neema anajua kuhesabu. Basi.

Mchana wake nikaanza kupakua. Boksi la spika (cheka tu, nimeshazoea), tairi la spea na jeki, siti ya nyuma. Na nilikuwa nimejaza tangi kwa mbwembwe! Nikanyonya lita 40, hizo peke yake ni kama kilo 30. Jumla zilitoka kama kilo 95, na kila kilo 45 hivi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Filta ya wazi nayo nikaitoa, maana inavuta hewa ya moto iliyojaa chini ya boneti. Nikarudisha boksi la filta la asili linalovuta hewa ya nje. Matairi ya nyuma nikashusha upepo kutoka PSI 36 hadi 26, na nikaacha ule ushamba wa kuachia klachi mshale wa mizunguko ukiwa elfu tano. Elfu tatu, klachi inaachiwa taratibu, ikishashika ndiyo unakanyaga. 15.9! Sijanunua hata nati. Upepo nilirudisha kabla ya kushika barabara, usianze kuniwazia.

Sasa imebaki miguu. Hizi inchi 18 zangu ni za kupigia picha. Nzito, na uzito wa kitu kinachozunguka, injini inaulipia mara mbili. Tairi ni 225/40, ukuta wake sentimita 9, ngumu kama kandambili za msikitini. Zako ni 205/55, ukuta sentimita 11 na ushee, unakunjika na kushika. Nahitaji mbili tu za nyuma. Na usiniletee habari za muda wako wa Arusha: huko juu mita 1,400 hewa nyepesi inakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa hiyo ukishuka huku na ile gari yako nitakuogopa kidogo. Kidogo.

Nilisema nitamrudia kuku. Mama anasema mayai yana siku ya tisa. Kuku anaatamia siku 21. Yataanguliwa Ijumaa ya wiki ijayo, na mbio ni Jumamosi yake. Zile tatu nyingine nilizikagua, tairi mbili zina ufa ubavuni. Unaona nilipobanwa? Yule mtetea amekalia tairi langu.

Zile tarakimu nne za ubavuni, za wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, zilikuwa zimefunikwa na kinyesi, unakumbuka ni za mwaka gani? Ulikuwa unajaza upepo kiasi gani? Rimu uliyoipiga kwenye shimo la Kibaha ni ipi, isije ikawa ndiyo hiyo ya kuku? Nati zake uliziacha wapi? Na Krismasi mnashuka au ndiyo mmeshakuwa Wachaga?

Mpigie Mama kabla ya Jumatano. Ila usianze na rimu. Anza na kuku.

Wako,
Shafii