Wageni wa misheni, mkumbukeni mkalimani

Ndugu Mhariri,

Makundi ya misheni yanayozuru makanisa ya ng'ambo huharibu ibada kwa kumsahau mkalimani. Mahubiri ya dakika 20 yakitafsiriwa hufika 40, kwa hiyo mgeni aandae nusu tu. Siku moja kabla, mkalimani apewe mafungu yote ayatafute katika Biblia ya lugha yake. Kutafsiri andiko papo hapo ndiko kunakomkwamisha. Hata namba hutofautiana: Zaburi ya 23 ni ya 22 katika Biblia zinazofuata hesabu ya Kigiriki. Mhubiri amalize wazo zima ndipo anyamaze. Akikatiza katikati, mkalimani hubaki akikisia kitenzi, na waumini hutazamana. Sadaka nayo, tafadhali, ipitie kwa mhazini, isiingie mfukoni mwa mtu mmoja: fitina huanzia hapo wageni wakishaondoka.

Wasomaji wako