Mnatuona kila siku kwenye TV mnadhani tunalipwa kila siku

Ndugu mhariri,

Salamu kutoka Kirumba Mwaloni. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nisingeandika kama sio ile barua ya wiki iliyopita ya msomaji wa Nyakato, anasema waigizaji wa tamthilia wakiwa wazima wanakula bata, wakiumwa wanatuma namba ya simu tuwachangie. Gazeti nililikuta kwa mama ntilie, nikaisoma mara mbili mpaka chai ikapoa. Sijakasirika sana, lakini nimekasirika.

Mi nilikuwa mwigizaji. Sio hawa wa Dar mnaowajua kwa majina, wa hapahapa Mwanza. Kuanzia 2008 mpaka 2010 nilicheza mama mkwe kwenye igizo la prodyuza mmoja alikuja na kamera zake tukashuti huku, baadae akaliuza kwenye vituo, jina lake na ya hivyo vituo nayaacha maana sitaki kesi. Kama ulikulia Kanda ya Ziwa na kwenu kulikuwa na TV basi sura unaijua. Yule mama aliyemwaga maji ya kuoshea dagaa kwenye uji wa mkwewe mjamzito, ndo mimi. Ule uji watu hawajanisamehe mpaka leo. Mke wa mwanangu mkubwa siku ya kwanza kuletwa nyumbani alikaa kwenye ncha ya kochi anatetemeka, nikamletea uji (makusudi, nakiri) akasema ameshiba.

Sasa Jumanne ya juzi niko kwenye meza yangu ya dagaa, pembeni kuna kibanda cha chai kina TV, na igizo linarudiwa. Mbele yangu yuko mama mmoja kutoka Kahama anapatana bei ya kisado, anaangalia TV, ananiangalia mimi, anarudi kwenye TV. Mayu, si wewe yule? Nikamwambia ndo mimi. Akapiga makofi akaita wenzake, wakaja kama watano, tukapiga picha mimi wao na dagaa, afu akashika kile kisado akasema basi punguza buku, we tajiri bwana kila siku uko kwenye TV. Nikapunguza. Ningesemaje wakati pale kwenye kioo nimekaa kwenye sofa la ngozi nina bangili mpaka kwenye kiwiko namfokea mfanyakazi wa ndani.

Hilo ndo tatizo lenyewe mhariri. Mnatuona kila siku mnadhani tunalipwa kila siku. Mi nililipwa 20,000 kwa siku ya kushuti, sio kwa episodi, kwa siku. Daftari ninalo, siku 41, jumla 820,000 kwa miaka miwili, na humo nauli ni yako, nguo ni zako, mkichelewa kumaliza boda ya usiku ni yako. Na prodyuza anayekulipa kwa siku hana haja ya kukupa siku nyingi, anachofanya anazibananisha sini. Tuliazimwa nyumba Capripoint, nzuri, inaangalia ziwa, mwenyewe yuko safari, basi kila sini inayotokea sebuleni kwa mama mkwe kuanzia episodi ya 1 mpaka ya 13 inashutiwa hapohapo ndani ya siku tatu kabla mwenye nyumba hajarudi. Asubuhi mwanangu anaoa napiga vigelegele, saa nne mwanangu amekufa nagaragara, mchana hajaoa bado namkatalia mchumba. Unabadilisha nguo bafuni mbiombio, umeme unakatika, likiwashwa jenereta mtu wa sauti anakataa, mnakaa kwenye ngazi mnakula ubuyu mkisubiri. Kitunguu cha kulilia nilikuwa nakuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani.

Kulikuwa na kitenge changu cha njano chenye samaki. Nilikivaa sini ya ugomvi, nainuka kwenye kiti naenda mlangoni kumfukuza mkwe, katikati mvua ikaanza kupiga bati hakisikiki kitu, dairekta akasema tutaimalizia siku nyingine ila mama hicho kitenge usikifue wala usikivae popote, kontinyuiti, yaani sini ikiendelea kila kitu kionekane vilevile. Nikakiweka kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati na jasho lake miezi 4. Katikati hapo nikaugua malaria nikapukutika. Tulipokuja kumalizia kitenge ni kilekile lakini mwenye kitenge siyo, ukiangalia vizuri utaona mama mkwe anainuka kwenye kiti mnene anafika mlangoni amekonda. Hiyo sini inarudiwa sana, watu wanaipenda.

Uigizaji niliupenda kwenye redio kabla sijaona TV. Baba yangu alikuwa hakosi Twende na Wakati, Radio Tanzania, ilianza 1993, yule Mkwaju dereva wa malori alikuwa anamtukana kama jirani yake na mkewe Tunu anamwonea huruma kama binti yake, na Mkwaju alipofikia kufa kwa ukimwi nyumba nzima ilikaa kimya, wanaume wazima. Nikasema kumbe mtu unaweza kukaa mahali ukaongea tu na huku Igogo watu wakashindwa kula. Wazungu wenyewe wanayaita haya maigizo ya sabuni kwa vile zamani kwenye redio za Marekani viwanda vya sabuni ndo vilikuwa vinayalipia. Sisi hata mche mmoja hatukuuona.

Huyo ndugu wa Nyakato anasema mbona wa nje wanaishi vizuri. Ni kweli wapo. Isidingo ya Afrika Kusini wengi tuliiangalia ITV, yule Barker Haines wa humo tulimchukia kuliko mkoloni, aliyemcheza anaitwa Robert Whitehead, na igizo lenyewe lilianza 1998 likafungwa Machi 2020, hiyo ni zaidi ya miaka 20, watoto wanazaliwa wanamaliza shule kwa igizo moja. Uingereza kuna mzee William Roache aliingia igizo la Coronation Street 1960 akiwa kijana, mhusika Ken Barlow, na amepita umri wa miaka 90 yuko humohumo na jina hilohilo. Kwetu ukicheza misimu miwili unaanza kutafuta meza sokoni.

Lakini hao wa nje usidhani walipewa kwa upole. Mwaka huohuo 1960 kule Marekani waigizaji wa filamu waligoma, na rais wa chama chao alikuwa Ronald Reagan, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais wa nchi. Walichodai ni kwamba filamu zao zinapelekwa kwenye TV, zinaonyeshwa na kurudiwa, wenye studio wanavuna na wao hawapati kitu. Kwa filamu za kuanzia mwaka huo wakakubaliwa kulipwa, na kwa zile za zamani studio zikatoa fungu kukaanzishwa mfuko wa pensheni na matibabu. Matibabu, ndugu yangu wa Nyakato. Wao wana mfuko, sisi tuna hiyo namba ya simu unayotumiwa wewe.

Na sio kila anayegoma anashinda, nisidanganye watu. Afrika Kusini mwaka 2014 waigizaji 16 wa igizo la Generations waligoma kwa ajili ya mishahara na mikataba, malipo ya marudio yakiwemo, wakafukuzwa wote 16 kwa mpigo, igizo likasimama na Desemba likarudi na jina lililoongezewa kipande na sura mpya. Sura nazo zinapatikana, hiyo kila prodyuza anaijua, na ndo maana mwigizaji mmojammoja hana ubavu wa kubishana. Mi nikibisha kuna mama 10 Mabatini wanaweza kumwaga maji kwenye uji.

Wetu walioweza kutoka walitoka mapema. Kina Ray, Johari na Kanumba tuliwaona kwenye maigizo ya kikundi cha Kaole pale ITV, wakahamia kwenye filamu ambako angalau unaweza ukawa na kazi yako mwenyewe, na Kanumba alikuwa mtoto wa Shinyanga hapo, wa kwetu kabisa, akafariki 2012 ana miaka 28 tu. Siku hizi kuna chaneli ya Maisha Magic Bongo, kuna Sinema Zetu, tamthilia kama Huba na Jua Kali zimekwenda msimu hadi msimu, vijana wana kazi. Ila kazi ziko Dar, kilomita zaidi ya 1,100 kutoka hapa, na mi nina meza na wajukuu.

Karatasi nilisaini, sikatai. Nilisainia juu ya boneti ya Noah pale stendi ya Nyegezi, prodyuza anawahi safari, ukurasa mmoja wa Kiingereza, nikaonyeshwa pa kuweka jina nikaweka. Nimekaa nayo miaka ndo juzi hapa mtoto wa dada yangu anayesomea sheria akanisomea. Imeandikwa nimetoa haki zote, popote duniani, milele. Milele! Hata ndoa ya kanisani inaishia kifo. Akanieleza kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na hiyo hakishiriki ndo ya watu kama sisi, anayeigiza, anayeimba, anayecheza, sio mtunzi peke yake, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo kwa mambo hayo, lakini mama mdogo ukishatia saini ya milele unamfunga mikono hata anayetaka kukutetea. Nikamuuliza sasa hicho Kiswahili kwa nini hakikuwa kwenye boneti.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye hiyo karatasi, na iandikwe Kiswahili, kuwe na mstari mmoja wa marudio. Igizo letu lina episodi 52, mimi nimo kwenye 47. Ningelipwa hata 5,000 kwa kila episodi ikirudiwa, mzunguko mmoja ni 235,000, na limeshazungushwa mara 4 ninazozijua mimi, bado vipande vilivyopandishwa YouTube ambavyo vina matangazo ya benki katikati. Hizo hela hazinifanyi tajiri. Zinalipa bima.

Maana na mimi nimeshatuma hiyo namba ya simu. 2019 yule mzee aliyeigiza mume wangu alilazwa, hospitali naiacha, wodi ina TV imebanwa juu ukutani, tumekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji ikaanza episodi ya harusi, yeye ana suti anacheza na biharusi anarusha noti, na hapa yuko na dripu. Wagonjwa wakaanza kugeuka mmojammoja. Nesi akasema mzee kumbe ndo wewe, mbona hujahamia wodi ya kulipia. Akacheka mpaka akakohoa. Usiku ule nikafungua grupu la WhatsApp nikaandika ndugu jamaa na marafiki, unayajua yanavyoandikwa, tukapata 340,000, na katika waliotuma kuna watu nisiowajua kabisa waliandika ni kwa ajili ya ile harusi. Alipona, yuko kwao Ukerewe anafuga mbuzi, akisikia igizo linarudiwa anazima anasema hawezi kujiangalia bure.

Kwa hiyo mwambie huyo msomaji wako wa Nyakato akiona tumetuma namba aihesabie ni marudio, anatulipa yeye badala ya aliyeuza. Na akipita Mwaloni asiulize jina langu hawalijui, aulize Mama Mkwe ataonyeshwa. Kile kitenge cha samaki nilishakifua, nafunikia dagaa mvua ikija. Kama anataka picha nacho aje apige, ila kisado ni bei ileile, buku sipunguzi tena.

Mama Mkwe,
Kirumba Mwaloni, Mwanza