Barua kwa mwanangu Riziki, kabla hajakwenda Malta

Mwanangu Riziki,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, ila presha ya mama yako inapanda na kushuka, na joto la Machi unalijua.

Ratiba yako ya Malta nimesomewa na mdogo wako. Nimesomewa, maana ulimtumia mama yako, mimi hukunitumia, na tiketi ulikuwa umeshakata. Haya. Pesa ni zako, umezitolea jasho kwenye zamu za usiku hapo Hamburg, na katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kupanga safari ya matembezi kwa mfuko wako mwenyewe. Nimewaambia mpaka wazee wa barazani. Lakini ungeniuliza. Kisiwa hicho nakijua; miaka ya 1980 meli yetu ilipandishwa chelezo kwenye bandari kuu ya Valletta, majira haya haya unayokwenda wewe.

Siku ya pili umeandika kisiwa kidogo cha Comino: kuogelea Blue Lagoon. Riziki, usiingie baharini. Ile picha ya maji ya samawati na watu wamejaa ni ya Agosti. Maji huchelewa kupoa na huchelewa kupata moto, kwa hiyo Februari na Machi ndipo bahari ya kule inapofikia baridi yake kubwa kuliko miezi yote, hata kama mashambani maua yameshachanua. Ni kama nyuzi 15. Huku Raskazone umezoea maji ya 28 na zaidi. Na wewe unatoka Hamburg, jua la Malta litakudanganya, utavua koti siku ya kwanza na kudhani ni kiangazi.

Najua utanijibu kwamba unajua kuogelea. Unajua, mimi ndiye niliyekufundisha, na pengine nilikuzidishia ujasiri. Ukijitosa kwenye maji ya baridi vile, kifua kinavuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na kama mdomo uko chini wakati huo, umevuta maji. Ukisalimika hapo, baada ya dakika chache mikono inakataa kazi. Tulikuwa na kijana wa Pemba chomboni, mzamiaji hasa, akajirusha kutoka gatini kwa kushindana na wenzake. Tukamtupia kamba. Ilimwangukia kiganjani kabisa, na vidole havikufunga. Fundi mmoja wa pale chelezoni ndiye aliyeteremka ngazi ya chuma akamshika ukosi wa shati.

Jambo jingine ambalo najua hakuna atakayekwambia. Wewe unaisoma bahari kwa bamvu na maji mafu. Huku maji hupwa mita 3 na zaidi, unajua saa ya kukanyaga mwamba na saa ya kurudi. Kule kupwa na kujaa hata nusu mita hakufiki. Mwamba unauona mkavu asubuhi, mkavu mchana, unaanza kuuamini. Kisha linakuja wimbi la upepo uliovuma jana huko mbali upande wa Ugiriki; upepo wenyewe umeshatulia, jua linawaka, na wimbi linaupanda mwamba wote. Hivyo ndivyo watu wanavyochukuliwa wakiwa wanapiga picha. Hiyo St Peter's Pool uliyoiweka Jumatano ni mwamba wa namna hiyo. Ukiona mwamba umelowa na mvua haikunyesha, jua wimbi limefika hapo leo, na usisogee.

Kisiwa jirani cha Gozo nenda, ni kuzuri. Lakini pale Dwejra palikuwa na tao kubwa la mwamba juu ya bahari, watu wakipanda juu yake kila siku, na tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ililiangusha lote asubuhi moja. Machi, mwanangu. Mwezi wako huo huo.

Ratiba yako ina kasoro moja: umeipanga kwa siku, wakati kule hupangwa kwa upepo. Kisiwa chenyewe cha Malta urefu wake haufiki kilomita 30, unaweza kuhama upande asubuhi hiyo hiyo. Ukivuma wa kaskazini-magharibi, ndio huvuma sana, nenda Marsaxlokk, huko kusini-mashariki kunakuwa shwari. Ukivuma wa kaskazini-mashariki, wanauita grigal, hama kabisa upande wa St Paul's Bay ulikopanga chumba, maana ghuba ile imeuelekea upepo huo kifua wazi. Na siku ya Gozo usiiweke mwisho. Kivuko cha Ċirkewwa kwenda Mġarr ni kama dakika 25, ila bahari ikichafuka boti za kasi husimama kwanza na vivuko vikubwa hufuata, ukalala upande wa pili huku ndege inakusubiri.

Marsaxlokk utapapenda. Mashua zao zina macho yaliyochorwa omoni, kama majahazi ya Lamu. Nenda Jumapili, ndiyo siku ya soko la samaki. Na kwa kuwa utakuwepo tarehe 20, amka alfajiri uende Mnajdra, jua la siku zile ambazo usiku na mchana vinalingana huingia moja kwa moja mlangoni mwa hekalu la mawe lililojengwa kabla ya piramidi za Misri. Nafasi za alfajiri hiyo ni chache, kata mapema. Hilo kwenye ratiba hukuliweka, umeweka kuogelea.

Chukua sweta nzito ya kulalia. Nyumba zao ni za mawe ya chokaa, nyingi hazina vipasha joto, na unyevu wa usiku unaingia mpaka kwenye shuka. Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, basi beba ile chaja uliyoondoka nayo nyumbani, ya Ujerumani haitaingia. Wanaendesha kushoto, wewe umeshazoea kulia, angalia unapovuka barabara. Pasipoti na kibali chako cha ukaazi viwe pamoja, hata kama hutaulizwa. Msikiti uko Paola.

Kwa hiyo hilo la Blue Lagoon nakuomba ulifute kabisa. Ukifika Comino tembea nchi kavu, kaa juu, angalia maji, rudi na boti. Nikijua umelifuta nitalala, na mama yako pia, ingawa yeye anasema nakuza mambo.

Pesa za jikoni tumezipata, Mungu akubariki. Makuti yote ya paa tumeshusha kabla masika hayajashika. Fundi anataka kujua kama ni bati za geji 30 au 28. Yeye anasema 30 inatosha, mimi naona upepo wa baharini utazila mapema, ila 28 bei imezidi ulichotuma na sitaki uniongezee wakati una safari. Mdogo wako karo ya muhula bado nusu, hiyo niachie mimi, mnazi wa shambani umezaa.

Nipigie mimi, si mama yako, jioni ya siku utakayofika. Na jibu la bati nilipate kabla ya Ijumaa, fundi ana kazi nyingine Pangani.

Baba yako