Barua kwa mwanangu anayetaka kuuza vifaa tiba

Mwanangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Umesema unataka kuacha kusambaza juisi hapo Mwanza uingie kwenye mauzo ya hospitali, lakini kila tangazo linadai uzoefu. Nafasi ipo, ila chagua mlango. Kampuni za dawa hupendelea wafamasia, matabibu na wauguzi, kwa kuwa mwakilishi wao huzungumza na daktari juu ya dozi na madhara. Wewe umesomea biashara. Bisha hodi kwa wasambazaji wa vifaa tiba na vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia sampuli. Huko wanamhitaji mtu anayejua kupiga hesabu na kufuatilia oda mpaka mwisho, na hayo unayafanya kila siku. Mashine utafundishwa.

Anza kujifunza mashine moja tu, ile ya kupima picha kamili ya damu. Ya kawaida huzigawa chembe nyeupe katika makundi matatu, iliyo juu yake matano. Sampuli huja kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA inayozuia damu isigande. Kuna kimiminika cha kuzimulia damu, cha kupasua chembe nyekundu na cha kusafishia. Kuna pia kontroli, damu maalumu ya kuhakiki mashine kila asubuhi. Hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda haifai tena. Dereva akiiweka juu ya barafu moja kwa moja, umeshaipoteza.

Sasa hesabu, mwanangu, maana hapa ndipo wauzaji wengi wapya huumia. Tuseme boksi la lita 20 la kuzimulia ni shilingi 240,000, na kila kipimo kinakula mililita 25. Kwenye karatasi ni vipimo 800, shilingi 300 kwa kimoja. Lakini mashine inajisafisha inapowashwa na inapozimwa, na kontroli nazo zinakula. Chukulia hayo yote ni sawa na vipimo 5 kwa siku. Kituo chenye wagonjwa 10 kwa siku kitatumia 15, kwa hiyo boksi litahudumia wagonjwa kama 533 tu, shilingi 450 kila mmoja. Chenye wagonjwa 60 kitahudumia kama 738, shilingi 325. Boksi ni lilelile. Na kituo kidogo kinaweza kufikisha mwisho wa muda wa matumizi baada ya kufungua kabla boksi halijaisha. Idadi ya siku hizo isome kwenye lebo.

Kosa la hesabu hii linauma zaidi kwa sababu kampuni nyingi huiweka mashine bila kuiuza, kwa mkataba kwamba hospitali itanunua vitendanishi kwao. Ukikosea idadi ya wagonjwa, hospitali inalalamikia bei na kampuni hairudishi gharama ya mashine. Kwa hiyo usiridhike na idadi ya mdomoni. Mwombe mkuu wa maabara mfungue rejesta, mhesabu miezi mitatu. Uliza pia umeme unakatika mara ngapi na kama kuna betri ya akiba.

Halafu ijue njia ya oda. Anayetumia ni mteknolojia wa maabara, anayeidhinisha ni mwingine, anayelipa ni mwingine tena. Hospitali ya serikali huanza na Bohari ya Dawa, MSD. Kitu kikikosekana huko ndipo inakwenda kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukienda kuonyesha mashine mpya mwezi huo, bajeti imeshapangwa bila wewe. Hospitali binafsi huamua haraka, lakini itaomba mkopo wa siku 30, 60, hata 90. Madeni ya maduka ya juisi yamekufundisha hilo tayari, liandike kwenye wasifu wako kwa tarakimu: maduka mangapi, ulikopesha kiasi gani, ulikusanya ndani ya siku ngapi. Neno "mchapakazi" lifute.

Kabla ya kuomba kazi, chagua vituo 20 vya Nyamagana na Ilemela. Chora jedwali: kituo, mashine iliyopo, wagonjwa kwa siku, nani analeta vitendanishi, mkataba unaisha lini. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi kwanza, useme wazi kwamba bado hujaajiriwa na unajifunza, na majina ya wagonjwa usiyaguse. Maabara nenda saa 8 mchana. Asubuhi wana foleni na utawakera bure. Hata ukijaza vituo 8 tu, peleka jedwali hilo kwa meneja wa mauzo mwenyewe. Kwenye kongamano la wataalamu wa maabara, MeLSAT, utawakuta wasambazaji wengi mahali pamoja.

Nawe wahoji. Je, kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Fundi yupo Mwanza au anatoka Dar? Mashine ikilala siku tano, atakayepigiwa simu ni wewe. Na wakikwambia kuna fungu la "chai" kwa wanaosaini, ondoka. Hiyo ni rushwa, na jina litakaloandikwa TAKUKURU ni lako.

Nitumie jedwali Jumapili hata likiwa nusu, tupitie hesabu pamoja kwenye simu.

Mama yako