Risala ya klabu ya afya kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne, Ukerewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu mliofika, shikamooni. Wanafunzi wenzangu mambo.

Nasoma risala hii kwa niaba ya klabu ya afya na kusema ukweli tuliposikia mgeni rasmi ni wewe tulishangilia bwenini mpaka matroni akaja, maana wewe unafanya utafiti wa kichocho cha ini na tumbo na hapa kisiwani hilo ndo jambo letu kabisa, tumezaliwa ziwani, tunaoga ziwani, tunafua ziwani, maji ya kupikia tunachota hukohuko.

Daktari, kuna wataalamu walishawahi kuja huku miaka ya nyuma wakagawa vikopo, tukaleta vinyesi, wakapakia kwenye gari wakaondoka na mpaka leo hatujui walikuta nini. Wewe ulirudi. Ulirudi na majibu na darubini ukaiweka kwenye meza ya maabara ukasema njooni muone wenyewe. Ukatuonyesha kinyesi kinavyochujwa kwenye kiwavu, kinajazwa kwenye kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7 tu, halafu kinafunikwa na kile kiplastiki laini cha kijani na kukandamizwa. Nilipochungulia nikaliona yai la kichocho, refu kidogo, lina mwiba pembeni kabisa kama mwiba wa mchongoma. Yai la mwenzetu mmoja wa humuhumu, jina hukulitaja na tunakushukuru kwa hilo.

Kichocho tulikuwa tunajua ni kukojoa damu basi, kumbe hiki cha kwetu cha ziwani ni cha tumbo na ini. Ukatuchorea ubaoni, minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, jike linataga mamia ya mayai kila siku, mengine yanatoka na choo na mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama kwenye vimishipa vidogo, mwili unayazungushia makovu, makovu yanabana mishipa, damu inakosa njia inarudi nyuma, bandama inavimba na mishipa ya kwenye koo la chakula inatuna mpaka siku inapasuka.

Hapo nilitoka nje, samahani daktari nilijua uliniona. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa, tumbo lilijaa, chini ya mbavu za kushoto ukimgusa kuna kitu kigumu kama jiwe, watu wakasema ni pombe wakati yeye ni Msabato na pombe hajawahi kuionja, wengine wakasema katupiwa, tukauza ng'ombe tukampeleka kwa mganga. Usiku mmoja akatapika damu nusu beseni na asubuhi haikumkuta. Mama yake yupo hapa leo amekaa mstari wa pili, ameomba hili lisemwe.

Ulituambia mdudu wa kichocho aligunduliwa na Theodor Bilharz kule Cairo mwaka 1851. Sasa hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Tangu uje mambo yamebadilika kidogo. Wavulana wamepunguza kuogelea mchana jua likiwa kali, maana ulituambia ndo muda konokono wa ziwani wanaachia vile vijidudu vya kichocho kwa wingi na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Siku ya dawa ya kichocho hapa shuleni zamani wengi walikuwa wanatoroka kwa sababu vidonge ni vikubwa, vichungu na ukimeza na njaa unasikia kizunguzungu, mwaka huu wazazi walichanga mahindi tukanywa uji kwanza na waliotoroka ni wawili.

Lakini daktari sisi tunapimwa urefu kwa ule ubao wa kujua dozi tunapewa vidonge, je baba aliyeko mtumbwini? Je mdogo wangu wa miaka mitatu anayeogeshwa kwenye maji yaleyale? Tumesoma kwamba kuna dawa ya watoto wa kuanzia miezi 3 mpaka miaka 6, imejaribiwa Kenya na Ivory Coast, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaikubali. Tunaomba utusemee na huku ifike. Halafu vyoo vya mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, choo ni kimoja na mlango hakina, watu wanaenda kwenye matete na mvua ikinyesha vyote vinarudi ziwani, hata tukimeza dawa kila mwaka tunaambukizwa upya.

Ombi letu kubwa ni ile mashine yako ya altrasaundi. Usiishie shuleni daktari, shuka nayo mwaloni uwapime wavuvi maini kabla hawajaanza kutapika. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, ukifika saa moja asubuhi utawakuta wote wanaanika. Tumeshaongea na mwenyekiti wa mwalo, amekubali kutoa banda lake na kitanda.

Naomba kuwasilisha.