Mgodi umefungwa, na huku Likoni tumeguswa

Likoni, Mombasa
Mei 2025

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata, na picha za wanao nimeziona, mashallah. Sisi sote wazima, mfuko ndio mgonjwa.

Ni kweli ulivyosikia, mgodi wa titani wa Kwale ulisimama Desemba. Mchanga wenye madini umekwisha, basi. Wala hatukushtukizwa, tulitangaziwa mapema. Lakini si waliongeza eneo la kuchimba kule Bumamani? Watu wakajipa moyo kwamba wataongeza tena.

Kinachoniudhi ni watu kusema Kwale, Kwale, kama kwamba huku hatumo. Tangu meli ya kwanza ipakie hapa kwetu Februari 2014, malori yamekuwa yakiushusha mchanga huo Likoni kwenda ng'ambo kutengenezewa rangi za nyumba. Dereva alikula kwangu, taniboi alikula kwangu, fundi wa tairi pia. Siku hizi mbaazi ninazouza zikifika saa nne hazijaisha, nazipeleka nyumbani zikawe chakula cha mchana. Watoto washaanza kununa. Yule jirani aliyepangisha vijana wa mgodi, milango ina kufuli kwa nje na mkopo wa kujengea bado analipa.

Baba Fatuma alipewa haki yake yote, sina la kulalamika hapo. Ila deni la sako likakata kipande, karo ikakata kingine, na kilichobaki akanunua pikipiki. Anabeba abiria pale feri na buti zake za mgodini, zile za chuma mbele, maana ndizo viatu alivyo navyo. Miaka yote hiyo kwenye mitambo mizito, vyeti anavyo kwenye bahasha, lakini kila anapokwenda kuuliza kazi huulizwa kwanza nani amemtuma. Na si yeye peke yake, wenzake wa zamu moja wako foleni hiyo hiyo.

Sasa sikiza, nina haja nawe. Kuna wakala hapa mjini anamwahidi kazi ya udereva hapo Doha, ila ataka pesa kwanza, viza baadaye. Moyo wangu haujatulia. Nakuwekea jina la hiyo kampuni kwenye karatasi ya pili. Hebu niulizie kama ipo, inalipa vipi, na kama nauli ni juu ya mfanyakazi. Jibu upesi, shoga, maana mwenzangu ashaanza kutafuta mtu wa kumuuzia pikipiki.

Wako,
Mama Fatuma