Mparachichi unaonyauka hautibiwi kwa maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya, na ambalo naliona katika nyua nyingi hapa Moshi, yaani kuumwagilia maji zaidi mparachichi unaonyauka. Majani ya mti wangu yalipokuwa madogo na kufifia rangi, na matawi ya juu yakaanza kukauka kuanzia nchani, nilidhani una kiu, nikaufungulia mpira kila jioni, kumbe nilikuwa nauzamisha.

Jirani yangu, bwana shamba mstaafu, hakuyajali sana majani. Alifukua udongo kidogo chini ya kivuli cha mti, akanionyesha mizizi midogo iliyokuwa myeusi na yenye kukatika ovyo, ilhali ile yenye afya huwa myeupe. Huo ndio uozo wa mizizi, unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho hustawi katika udongo uliotuamisha maji, na mizizi ikishaoza mti hunyauka hata kama umesimama katika tope.

Nilichimba mfereji wa kuyaondoa maji, nikatandaza majani makavu bila kuyagusisha na shina, na nikaacha kulima chini ya mti, kwa kuwa mizizi yake ya kulishia haiendi kina kirefu. Machipukizi yametokea, ingawa kimelea hubaki udongoni, na nisingethubutu kupanda mparachichi mwingine mahali pale pale. Wauza miche nao wangetusaidia kama wangeacha kuotesha miche katika udongo uliochotwa chini ya miti inayougua.

Msomaji wako,
Moshi, Kilimanjaro